Kubadilisha jina la safuwima bila kuangusha toleo la zamani

Usitumie RENAME (amri ya SQL ya kubadilisha jina) kwenye safuwima ya hifadhidata wakati toleo la zamani la programu bado linahudumia watumiaji. Litakuwa linatafuta jina ambalo halipo. Ongeza safuwima mpya inayokubali NULL (yaani kukosa thamani), toa toleo linaloandika kote kuwili lakini linasoma ya zamani, kisha nakili data iliyokuwapo tangu awali kwenye safuwima mpya kwa mafungu ya safumlalo 1,000 hivi. Toleo linalofuata lisome mpya. Safuwima ya zamani ikiwa na NOT NULL (sharti la kukataa NULL), ondoa sharti hilo kabla ya kuacha kuiandika (hapa ndipo wengi hunaswa), ndipo baadaye uifute.

Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL weka lock_timeout (kikomo cha muda wa kusubiri kufuli) ya sekunde 2 au 3 kabla ya ALTER TABLE, amri ya kubadilisha muundo wa jedwali: amri hiyo ikikwama ikisubiri kufuli, hoja zote mpya za jedwali hilo hupanga foleni nyuma yake.