Gari kuchemka kwenye foleni ya feri

Ndugu yangu, umesema mshale wa joto hupanda ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni, kisha hushuka ukishika kasi kuelekea Ukunda, na fundi sasa anataka kufungua hedi (kichwa cha injini). Mwambie asubiri. Gari inayochemka ikisimama na kupoa ikitembea, mshukiwa wa kwanza ni feni. Washa gari, iache ingurume papo hapo. Joto likipanda na feni haizunguki, angalia fyuzi, relei (swichi ya umeme inayowasha feni) na mota. Ingekuwa inachemka kwenye mlima wa Mazeras ningesema rejeta (kipoza maji ya injini) imeziba, hasa kama hutia maji ya kisima yenye chumvi. Yangu ililiwa na chumvi hiyo.

Na ile geji ya ziada ya joto uliyouliza, weka tu, mshale wa dashibodi hukaa katikati huku joto likipanda kimyakimya. Injini ikiwa baridi, kata bomba la mpira la juu la rejeta, ingiza adapta ya chuma yenye sensa, kaza klipu pande zote mbili. Wengi hukosea hapa: adapta imeshikwa na mpira, haigusi chuma cha gari, kwa hiyo sensa ya waya mmoja haitasoma mpaka uivutie adapta waya wa athi, yaani waya unaoiunganisha na chuma cha gari. Geji ikipita nyuzi 110 za Selsiasi, egesha, zima, na kifuniko cha rejeta usikiguse.