Uchunguzi wa maiti haukuona kitu: mfanye nini sasa

Pole sana, ndugu yangu. Mdogo wako wa miaka 22 alianguka akicheza mpira, na ripoti inasema moyo hauna kasoro. Hiyo haimaanishi moyo haukuhusika. Hitilafu ya umeme wa moyo haiachi alama ambayo jicho au darubini itaiona.

Leo hii muulizeni daktari aliyefanya uchunguzi kama alihifadhi, kwa ajili ya kupima vinasaba, damu, mililita 5 hadi 10 kwenye chupa yenye EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), au kipande cha bandama kilichogandishwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Ombeni kwa maandishi visitupwe. Nyama iliyokaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ni msaada mdogo, kwa sababu fomalini hukatakata vinasaba. Ulizeni pia kama sampuli za sumu na dawa zilipelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Lakini walio hai ndio wa haraka zaidi. Wazazi na ndugu wote wa damu wapimwe umeme wa moyo, ultrasaundi ya moyo, na kipimo cha kukimbia kwenye mashine. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ni pa kuanzia. Kipimo kimoja cha umeme wa moyo, mtu akiwa amepumzika, kinaweza kuonekana safi kabisa kumbe tatizo lipo.

Aliyewahi kuzimia akikimbia, au aliposhtuliwa na kelele, aache michezo na aende hospitali sasa. Asimeze erithromaisini (antibayotiki) wala klorokwini (dawa ya malaria), zinazoweza kuvuruga umeme wa moyo, kabla daktari hajajua historia hii.

Majibu ya vinasaba msiyasome peke yenu: mabadiliko mengine maana yake bado haijathibitishwa.