Maswali ya Wasomaji: Jicho Huchanganya, Sikio Huchambua

SWALI: Taa nyekundu na taa ya kijani zikimulika ukuta mmoja, naona manjano tu. Lakini noti mbili za gitaa zikipigwa pamoja, nazisikia zote mbili. Kwa nini? Na ulimi je, uko upande gani?

JIBU: Kila mlango wa fahamu una vipokezi vyake, na swali ni umevitumia kwa kazi gani. Jicho lina seli za koni zipatazo milioni 6 za kutambua rangi, lakini ni za aina 3 tu: moja huitikia zaidi mawimbi ya mwanga yenye urefu wa karibu nanomita 420 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nyingine 530, nyingine 560. Ubongo hauletewi orodha ya mawimbi yaliyoingia. Huletewa viwango 3 tu, yaani kila aina imesisimka kiasi gani. Mwanga halisi wa manjano, wa nanomita 580 hivi, husisimua zile aina 2 za mwisho kwa uwiano fulani. Mwekundu na wa kijani ukiingia pamoja kwa kipimo kinachofaa, uwiano unakuwa uleule, na jicho halina namna ya kutofautisha mchanganyiko huo na manjano halisi.

Jaribu kwa simu yako. Fungua picha ya manjano tupu, pandisha mwangaza wa skrini hadi mwisho, futa kioo kikauke, kisha weka tone la maji la milimita 2 hivi kwa ncha ya kijiti, mbali na matundu ya spika na ya chaji. Tone linakuwa lenzi. Ndani yake utaona vidoa vyekundu na vya kijani vimewaka, vya bluu vimezimika, na hakuna hata kimoja cha manjano! Usipoviona, mara nyingi tone ni kubwa mno: limetandaa likawa bapa, na maji bapa hayakuzi kitu. Lifute, uanze na dogo zaidi.

Sikio limejengwa vingine kabisa. Ndani ya koklea, ule mrija uliojiviringa kama konokono, umelala utando wa urefu wa milimita 35 hivi. Mwanzoni ni mwembamba na umekaza, mwishoni ni mpana na umelegea. Sauti nyembamba hutikisa mwanzo wake, sauti nzito hutikisa mwisho, na seli zenye vinyweleo zipatazo 3,500 zimejipanga juu yake kupeleka habari, kila moja kutoka mahali pake. Noti 2 zikiingia, zinatikisika sehemu 2.

Ila noti zikikaribiana mno, uchambuzi unashindwa. Uzi mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na mwingine mara 442, zinatikisika sehemu zilezile karibu, nawe unasikia sauti moja inayovuma na kufifia mara 2 kila sekunde. Wapiga gitaa wanautumia udhaifu huu kulinganisha nyuzi: kaza uzi polepole huku ukisikiliza mvumo huo. Ukipungua kasi, unakaribia. Ukikoma, nyuzi zimelingana. Ukizidi kasi, umeelekea kusiko, legeza.

Kuna gharama, lakini. Jicho limetandaza vipokezi vyake ili lichore ramani: nuru hii imetoka pale, ile kule. Sikio limetumia vya kwake kupanga uzito wa sauti, kwa hiyo halina ramani. Sauti inatoka upande gani, ubongo hukisia kwa kulinganisha masikio mawili, hata kwa tofauti ya muda isiyofika elfu moja ya sekunde.

Ulimi uko katikati. Ukichanganya chumvi na sukari unazitambua zote mbili, kama sikio, ingawa kila moja huipunguzia mwenzake makali. Lakini ndani ya ladha moja ulimi ni kama jicho. Binadamu ana vipokezi vya uchungu vya aina zipatazo 25, na seli moja hubeba aina nyingi kwa pamoja. Vitu tofauti kabisa vinaingia, jibu linatoka moja: chungu. Na ile ramani ya zamani, kwamba utamu uko ncha ya ulimi na uchungu nyuma, iacheni. Ladha zote 5, pamoja na umami, ile ladha ya mchuzi wa nyama, huonjwa popote penye vionjio.

SWALI: Nyota hafifu naiona kwa pembeni, nikiikazia macho inapotea. Macho yangu yana kasoro?

JIBU: Hapana, ndivyo yalivyo. Gizani hufanya kazi seli za fito, na katikati kabisa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, pale unapokazia, hazipo. Tazama pembeni kidogo mwa nyota itarudi. Fito huhitaji dakika 20 hadi 30 za giza kufikia uwezo wake wote, na skrini nyeupe ya simu, hata kwa kitambo kifupi, inakurudisha nyuma. Ukihitaji taa tumia nyekundu iliyofifia, kwa kuwa fito haziitikii sana mwanga huo.

SWALI: Mbona juisi ya machungwa huwa chungu nikishapiga mswaki?

JIBU: Dawa nyingi za meno zina sodiamu laurili salfeti, ile inayoleta povu. Hufifisha utamu kwenye ulimi na kuipa asidi ya chungwa uchungu usio wake. Hupita yenyewe baada ya muda. Njia mbili: tafuta dawa isiyo na kiambato hicho, au kunywa juisi kwanza. Ukichagua ya pili, suuza kinywa kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya mswaki, kwa sababu asidi hulainisha gamba la jino, na ukisugua mapema unalikwangua.