Cheti gani cha Kifaransa? Maswali ya wasomaji

Ujumbe mwingi uliofika safari hii unauliza kitu kimoja kwa midomo tofauti: nifanye mtihani upi? Mimi huwa nauliza kwanza cheti hicho kinakwenda mezani kwa nani. Chuo, mwajiri na uhamiaji kila mmoja ana karatasi anayoitaka, na ukikosea hapo ada imekwenda na maji.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha. Kifaransa nimekiokota kazini, kwa wageni. Sasa bosi anataka cheti. DELF na TCF zina tofauti gani?

Marahaba. DELF ni diploma ya Wizara ya Elimu ya Ufaransa. Unachagua ngazi mwenyewe, kutoka ya chini kwenda juu A1, A2, B1 au B2, unafanya mtihani wa ngazi hiyo tu, unafaulu au unaanguka. Anayetaka C1 au C2 anahamia DALF. Ukishaipata ni yako maisha yote. TCF haina kuanguka: unafanya mtihani, alama zinasema uko ngazi gani, na matokeo yanakufa baada ya miaka miwili. Kwa kazi yako chukua DELF.

Wala huhitaji kuanzia A1. Kama unaongoza wageni siku nzima na wanakuelewa, jipime na B1 moja kwa moja. Hakuna anayekudai vyeti vya chini.

Kinachoniogopesha kwako ni kalamu. DELF ina sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kati ya 100, ila ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka, hata kama kwingine umefagia. Waongoza watalii hunaswa hapo hapo: mdomoni wanatiririka, kwenye karatasi wanaandika kama wanavyosikia. B1 inataka maneno 160 ndani ya dakika 45. Basi kila jioni ukirudi kutoka mbugani andika mistari kumi ya mliyoyaona, kwa wakati uliopita: *nous avons vu un guépard qui dormait sous un arbre*, tulimwona duma aliyekuwa amelala chini ya mti. Hapo una *avons vu* (tendo lililokamilika) na *dormait* (lililokuwa likiendelea) bega kwa bega, na hizo mbili ndizo msahihishaji wa B1 anazozitafuta. (Na hakikisha ni *guépard* kweli. Mgeni aliyelipia chui, *léopard*, hasahau ukimwonyesha duma.) Tarehe za mitihani waulize Alliance Française ya hapo hapo Arusha.

Habari mwalimu. Mimi ni muuguzi Nairobi, nina DELF B2 tayari. Ajenti anasema inatosha kwa Express Entry ya Kanada. Ni kweli?

Si kweli, na ajenti anayekosea jambo la kwanza kabisa mimi singemwachia faili langu. Kwa Kifaransa, Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa alama, inapokea mitihani miwili tu: TEF Canada, ya chemba ya biashara ya Paris, na TCF Canada. Matokeo yawe hayajapita miaka miwili siku unapopeleka maombi. DELF yako ni nzuri, ila haina mahali pa kuingia kwenye fomu hiyo.

Lengo lako ni NCLC 7, kipimo cha Kanada cha ngazi za Kifaransa, katika stadi zote nne. Kwenye TCF Canada hiyo ni angalau 458 kusikiliza, 453 kusoma, na 10 kati ya 20 kwa kuandika na kwa kuongea. Ukifika hapo, na Kiingereza chako kikawa CLB 5 (kipimo kama hicho cha Kiingereza) au zaidi, unaongezewa alama 50. Tangu 2023 kuna pia raundi za mialiko za wanaojua Kifaransa peke yao, na aliyepungukiwa kwenye stadi moja tu hahesabiwi.

B2 yako itakubeba, lakini usiingie bila kuzoea umbo la mtihani. Kwenye TEF, kwa mfano, sehemu ya kwanza ya kuongea unapewa tangazo dogo, unajifanya umepiga simu na kumwuliza mtahini maswali kadhaa juu yake. Watu wenye Kifaransa kizuri hukwama hapo kwa sababu wamezoea kujibu, hawajazoea kuuliza. Chukua matangazo ya vyumba vya kupanga, yafanyie maswali kwa sauti, *vous* mwanzo hadi mwisho.

Jambo mwalimu. Nimesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi kule Bukavu, sasa niko Dar es Salaam. Kweli na mimi nifanye mtihani?

Inategemea mlango. Kwa Kanada, ndiyo, hata aliyezaliwa Paris anafanya. Kwa vyuo vya Ufaransa, aliyesomea nchi ambayo Kifaransa ndiyo lugha rasmi mara nyingi husamehewa. Waandikie Campus France, ofisi ya Ufaransa ya wanafunzi wa kigeni, kabla ya kulipa shilingi.

Ukilazimika, shida yako haitakuwa lugha. Itakuwa saa. Na kitu kimoja kidogo: endelea na *septante* (70) na *nonante* (90) zako, hakuna atakayekukata alama, lakini kwenye kusikiliza utasikia *soixante-quinze* (75) na *quatre-vingt-dix-sept* (97), bei na namba za simu, haraka haraka. Zoeza sikio.

Niko Mwanza, sina mtu wa kuongea naye Kifaransa. Nina simu na bando tu. Nifanyeje?

Simu na bando vimefikisha watu mbali. Anza na RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa: wana taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, *Journal en français facile*, dakika kumi, na maandishi yake yapo. Usiisikilize tu huku unapika. Chukua dakika moja, fanya imla: sikiliza, simamisha, andika, kisha linganisha na maandishi. Siku za mwanzo utaumia. TV5MONDE, televisheni ya Kifaransa, nao wana mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa ngazi, A1 hadi B2.

Kwenye matamshi, sisi wa Kiswahili tuna magonjwa mawili. La kwanza ni kubandika irabu mwishoni: *avec* inakuwa "aveki". La pili ni ile *u* ya Kifaransa, ambayo hatuna. Sema "i", shikilia ulimi hapo hapo, kisha viringa midomo kama unataka kupiga mluzi. Jipime kwa *dessus* na *dessous*, juu na chini. Jirekodi ukisema "funguo ziko *dessus*", acha hadi kesho, kisha sikiliza kama wewe mwenyewe unajua ziko wapi.

Ama kusema huna mtu, tembea sokoni. Kanda ya Ziwa haikosi Warundi na Wakongo, na wengi watafurahi kubadilishana sauti za WhatsApp na wewe, za dakika mbili mbili. Duolingo endelea nayo ukiipenda, ila mtihani wake wa cheti ni wa Kiingereza tu.

Natoka Zanzibar, nimeolewa Lyon. Nasikia masharti ya lugha yamepanda?

Yamepanda, kwa sheria ya Januari 2024, na yanatumika tangu tarehe 1 Januari 2026. Kibali cha kwanza cha miaka kadhaa sasa ni A2, kadi ya kwanza ya mkazi ya miaka kumi ni B1, uraia ni B2. Zamani kadi ya mkazi ilikuwa A2 na uraia B1. Wengi wanakimbilia TCF IRN, ile TCF ya ukaazi na uraia, kwa kuwa majibu yanatoka upesi. Kama haraka haikubani, fanya DELF: unaishi huko, utaihitaji tena, na haiishi muda.

Kuna chuo kinatangaza "kutoka sifuri hadi B2 kwa miezi mitatu". Niamini?

B2 kwa kawaida hukadiriwa masaa 560 hadi 650 ya masomo. Gawa kwa siku 90: karibu masaa saba kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Waulize darasa lao ni la masaa mangapi kwa wiki.

Mwanangu ana miaka tisa. Kuna mtihani wa watoto?

Upo, unaitwa DELF Prim, na unaishia A2. Ila kama yeye mwenyewe hajauliza habari ya mtihani, mpe katuni za Kifaransa kwanza.