Je, mkulima wa Misri aliona tofauti yoyote Waroma walipoitwaa nchi yake?

Swali: Mwalimu, ninaandaa somo kuhusu dola ya Roma. Misri ilikuwa imekwisha kutawaliwa na ukoo wa Ptolemaio, wenye asili ya Makedonia, kwa takriban miaka 300. Waroma walipoingia mwaka 30 KK, je, maisha ya mtu wa kawaida yalibadilika, au ni watawala tu waliopokezana?

Jibu: Mtu akiangalia mambo ya nje anaweza kudhani kwamba hakuna kilichobadilika. Octavian, aliyekuja kuitwa Augustus, alipoiteka Aleksandria mwezi Agosti mwaka huo, hakumlazimisha yeyote kujifunza Kilatini. Kigiriki kiliendelea kuwa lugha ya ofisi, na kwenye kuta za mahekalu Kaizari alichorwa akiwa amevaa mavazi ya Farao. Sarafu za Aleksandria, ambazo hazikutumika nje ya Misri, ziliendelea kutengenezwa hadi mageuzi ya Kaizari Diocletian mwishoni mwa karne ya 3 BK.

Kwa maoni yangu, badiliko kubwa lilikuwa katika namna dola ilivyomworodhesha kila mtu na kumpa daraja. Ptolemaio nao walihesabu watu na kutoza kodi, lakini Waroma waliifanya sensa kuwa jambo la kila baada ya miaka 14, na mwenye nyumba alitakiwa kuwasilisha tamko lililoandikwa, likitaja kila anayeishi humo, wakiwemo watumwa na wapangaji, pamoja na umri wao na mara nyingi hata makovu ya kuwatambulisha. Matamko mengi ya aina hii yamehifadhiwa katika mchanga mkavu wa Misri, yakiwa yameandikwa kwenye mafunjo.

Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa kodi ya kichwa, iliyotozwa wanaume kuanzia umri wa miaka 14 hadi miaka ya mwanzo ya sitini. Katika Fayum, wilaya ya kilimo magharibi mwa mto Nile, mwanakijiji alilipa drakma 40 (sarafu za fedha) kwa mwaka, kiasi ambacho katika karne ya 1 BK kilizidi ujira wa kibarua wa mwezi mzima, ilhali mkazi aliyesajiliwa katika mji mkuu wa wilaya hiyo hiyo alilipa 20 tu. Raia wa Roma na raia wa Aleksandria hawakulipa kabisa. Hapa ndipo ninapoona uzito wa utawala mpya, kwani daraja la kisheria sasa lilipimwa kwa fedha na lilirithiwa: mvulana wa mjini alipotimiza miaka 14, familia yake ilipaswa kuthibitisha kwamba baba yake, na baba wa mama yake pia, walikuwa wa daraja hilo. Pliny Mdogo, mwandishi na ofisa wa Kiroma, alipomwombea tabibu wake Mmisri, Harpocras, uraia wa Roma kwa Kaizari Trajan, aliarifiwa kwamba Mmisri hawezi kuupata kabla ya kupewa kwanza uraia wa Aleksandria.

Mzigo wa pili ulikuwa utumishi wa lazima. Kadiri miaka ilivyokwenda, kazi kama ukusanyaji wa kodi kijijini zilipewa wenye mali ya kutosha, wapende wasipende, na makusanyo yakipungua walifidia kwa mali zao wenyewe. Mwaka 68 BK gavana Tiberius Julius Alexander, mwenyeji wa Aleksandria, alitoa amri ndefu ya kukomesha kuwalazimisha watu kuchukua zabuni za kodi (mikataba ya kuikusanyia serikali kodi) na kukodi mashamba ya serikali. Maandishi yake bado yanaonekana kwenye lango la hekalu la Hibis, katika oasisi ya Kharga. Miaka michache kabla yake, wakati wa Kaizari Nero, wakusanya kodi wa vijiji sita vya Fayum walimwandikia gavana kwamba wakazi waliokuwa wengi sasa wamebaki wachache, kwa kuwa wengine wamekimbia kwa kushindwa kulipa na wengine wamekufa bila kuacha ndugu.

Haki inadai niseme pia kwamba wapo walionufaika. Mashamba yaliyokuwa yakigawiwa askari wa Ptolemaio yaligeuka kuwa mali binafsi, na wenye ardhi wa mijini walitajirika. Makuhani, kwa upande wao, walipoteza sehemu kubwa ya ardhi ya mahekalu na wakawekwa chini ya usimamizi wa ofisa wa Kiroma.

Mwaka 212 BK Kaizari Caracalla aliwapa karibu watu wote huru wa dola uraia wa Roma, na sensa ya mwisho ya miaka 14 inayojulikana ni ya mwaka 257/258. Katika somo lako ningeanza na tamko moja la sensa, kisha malalamiko ya wale wakusanya kodi, ili wanafunzi waone jinsi orodha ile ile iliyoandaliwa mezani ilivyoweza kumhamisha mtu kijijini kwake.