Warudishieni Watoto Taa, Mtazame Sufuria ya Maharagi

SWALI: Mama, nakusalimia kutoka Kadutu. Kwetu tuko watu nane. Mume wangu ameweka sheria kwamba saa mbili usiku taa zote zizimwe, maana pesa ya umeme inaisha haraka. Watoto wanasoma kwa mwanga wa simu. Lakini mimi ninaona ni makala ya kupikia yanayotumaliza. Mfuko uliokuwa unafika mwisho wa mwezi, sasa tarehe 20 tunakung'uta vumbi. Umeme ukiwepo ninapika kwenye resho, ukikatika ninarudi kwenye mbabula, jiko letu la makala. Maharagi tunakula karibu kila siku. Tupunguze nini?
Mama wa watoto sita, Bukavu

JIBU: Mama mwenzangu, leo hii warudishieni watoto taa yao. Baba watoto anaogopa pesa kuisha, na hofu hiyo ninaielewa, ila mwizi anayemtafuta hayuko kwenye taa. Taa za siku hizi, zile nyeupe zisizochoma mkono, nyingi zinakula wati 9 tu. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kwenye umeme kunakula sawa na taa hiyo ikiwaka masaa kumi hivi. Resho ya wati 1,000 ikiwaka saa moja, mngeweza kuwasha taa ile zaidi ya masaa 100. Pasi ni ndugu yake resho, kwa hiyo nguo za shule za wiki nzima zipigwe kwa mara moja, si kila asubuhi shati moja. Kama bado mna taa ya zamani yenye waya unaong'aa ndani, ya wati 60, hiyo ibadilisheni, maana moja inakula kama sita.

Sasa tuje kwenye maharagi, kwa sababu huko ndiko mfuko wako unakokwenda.

Shangazi yangu anakaa Uvira, mji ulio chini kuliko wetu. Kila akija kwetu analalamika kwamba maharagi ya Bukavu ni magumu, hata yale aliyokuja nayo mwenyewe. Maharagi hayana kosa. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,500, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla ya kupata joto kamili. Hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Uvira kwenye nyuzi 97. Nyuzi hizo mbili ni ndogo kuzitaja, lakini maharagi yanazihisi. Ukiongeza makala maji yatatokota kwa kelele na mvuke utajaa nyumba, lakini joto la ndani ya sufuria litabaki lilelile. Mama, hapa ndipo tunapochoma pesa. Nilichoma zangu miaka mingi nikidhani moto mkali ndio unaoivisha.

Hivi ndivyo ninavyofanya kwangu. Maharagi yanalala ndani ya maji usiku kucha. Asubuhi ninamwaga maji hayo, ninaweka mapya, ninafunika. Mfuniko wangu ulipinda zamani, kwa hiyo ninauwekea jiwe juu. Yakianza kuchemka ninahesabu nusu saa nzima ya kuchemka kwa nguvu, na hiyo nusu saa usiipunguze kamwe, kwa sababu maharagi, hasa mekundu, yana sumu inayokufa kwa kuchemka tu. Maji ya moto yasiyochemka hayaiui, na mtu akiyala hivyo atatapika. Baada ya hapo ninaitoa sufuria motoni bila kuifunua, ninaiweka ndani ya kikapu kikubwa nilichokitandika blanketi la zamani, ninaizungushia vitambaa, juu ninaweka mto, kisha ninakwenda zangu sokoni. Nikifunga saa sita mchana, saa kumi ninakuta yamelainika na sufuria bado inachoma. Ninairudisha motoni ichemke tena, na hapo ndipo ninatia chumvi, nyanya na mafuta. Nyanya ukiitia mapema, ule uchachu wake unazuia maharagi kulainika. Usiiache sufuria kikapuni mpaka kesho yake, chakula kikipoa polepole kinaharibika.

Na sokoni muulize muuzaji ni mavuno ya lini. Maharagi yaliyokaa sana ghalani yanakuwa magumu, yanakula makala maradufu hata kama bei yake ilikuwa nzuri. Wali nao unakubali kikapu. Sombe siifungi hivyo. Ikishatwangwa vizuri ninaiacha ichemke wazi, kwa maana majani ya muhogo yana sumu yake inayotoka na mvuke.

Ukipata nafasi ya kuweka akiba kidogo kidogo, nunua sufuria ya presha. Kwetu huku juu ina faida kuliko Uvira, kwa sababu ndani yake maji yanapita nyuzi 110.

Mbabula yako ni ya bati tupu? Ile yenye udongo ndani inashika joto, na kwa baridi ya hapa utaiona tofauti wiki ya kwanza. Iweke pasipo upepo. Ukimaliza kupika, makala yaliyobaki usiyamwagie maji, kesho yatasumbua kuwaka. Yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, yakikosa hewa yatazimika yenyewe, na kesho unaanzia hapo. Ninalisema hili kwa uchungu: kilo moja ya makala inatoka kwenye kilo tano mpaka kumi za kuni, na nikipita barabara ya Kalehe ninaona milima niliyoijua na miti sasa iko uchi.

SWALI: Mama, mimi ni mwanafunzi, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Panzi, hapa Bukavu. Usiku nikimaliza kupika ninaingiza mbabula ndani na kufunga mlango, ili joto lisipotee bure. Ni akiba nzuri?

JIBU: Hapana, mwanangu. Usifanye hivyo tena, hata usiku wa leo. Makala yanayowaka, hata yakiwa mekundu bila moshi, yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Chumba kikifungwa inajaa, kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, na mtu haamki. Mbabula ibaki nje. Ukisikia baridi, chemsha maji ukiwa bado unapika, yatie kwenye chupa inayostahimili moto, uifunge vizuri na kuizungushia kitambaa, kisha iweke miguuni chini ya blanketi. Na mwenzako wa chumba cha pili mwambie pia, maana huenda naye analala hivyo.