Maswali ya Wasomaji: Wimbo Ndani ya Kelele

Ndugu Mhariri, albamu ya Psychocandy ya The Jesus and Mary Chain imenishika. Hawa ni akina nani, na ni kweli mpiga ngoma wao alikuwa na ngoma mbili tu?

Ni kweli. Bendi hii ilizaliwa East Kilbride, Uskoti, mikononi mwa ndugu wawili: William Reid kwenye gita na Jim Reid kwenye maiki. Douglas Hart alipiga besi yenye nyuzi mbili tu. Mpiga ngoma wa kwanza, Murray Dalglish, alipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na Bobby Gillespie, ambaye baadaye alivuma kama mwimbaji wa Primal Scream. Gillespie alipiga amesimama, akiwa na snea moja (ngoma yenye mlio mkali) na tomu moja (ngoma ya mlio mnene).

Singo yao ya kwanza ilitoka mwaka 1984 kupitia Creation, lebo ndogo iliyojitegemea. Psychocandy ikafuata mwaka 1985.

Mizizi yao ni miwili. Kwa The Velvet Underground wa New York walichota gita linalonguruma; huko pia Moe Tucker alipiga ngoma amesimama, na matoazi aliyagusa kwa nadra. Mzizi wa pili ni vikundi vya wasichana vya Marekani vya miaka ya 1960, hasa kazi za mtayarishaji Phil Spector, aliyejaza vyombo vingi chumba kimoja na kuvimwagia mwangwi. Wimbo wa kwanza wa Psychocandy unaanza na mdundo ule ule wa "Be My Baby" wa The Ronettes (1963). Hesabu mpaka nne: ngoma nzito inapiga kwenye moja, inarudi katikati ya mbili na tatu, inapiga tena kwenye tatu, kisha snea inajibu kwenye nne. Ukiufahamu mdundo huo, umeelewa nusu ya bendi hii.

Tuko watatu na tunaipenda sauti hiyo, lakini gita linammeza mwimbaji. Tumempandishia sauti, bado hasikiki.

Kumpandishia hakutasaidia, kwa sababu yeye na gita wanagombea masafa yale yale ya kati. Kwenye ampu (kikuza sauti cha gita), punguza sauti za kati, acha za juu zikwaruze, na mwimbaji atapata pa kukaa. Hata kwenye rekodi za akina Reid, gita ni jembamba na kali, halina unene. Besi ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo isipitishwe kwenye pedali ya fazi, kile kifaa cha mguu kinachokwaruza sauti.

Kisha tazameni mnachopiga. Fazi ikipokea sauti tatu au nne kwa pamoja, inazalisha nyingine ambazo hamkuzipiga, na kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, inageuka tope. Pigeni sauti mbili tu: mzizi, yaani noti inayoipa kodi jina, na ya tano kutoka hapo kwenye ngazi ya noti. Ile ya tatu, inayoonyesha furaha au huzuni ya kodi, mwachieni mwimbaji.

Na kabla ya yote, zimeni pedali, mwimbe wimbo mzima kwa gita tupu. Usipovutia hapo, kelele haitauokoa. Bendi nyingi hukwama hapa: zinanunua pedali kabla ya kutunga kiitikio.

Gita langu hupiga mluzi nisipotaka, na ninapoutaka haupatikani.

Mluzi huo ni mzunguko: spika inatikisa nyuzi, pikapu (sumaku iliyo chini ya nyuzi) inazisoma, ampu inakuza, spika inazitikisa tena. Ukiutaka, simama mita moja au mbili kutoka kwenye spika, elekeza pikapu kwake, shikilia noti moja na usubiri. Sogea kidogo au geuka, na mluzi utahamia noti nyingine. Wekeni alama ya utepe sakafuni kwa kila noti mnayoitaka. Gita lenye tumbo wazi huitika upesi zaidi kuliko la mbao nzito.

Kuukata, geuka upande huku ukizima nyuzi kwa kiganja, halafu shusha kitufe cha sauti. Kama unasikia mlio mkali wa juu usiobadilika hata ukizima nyuzi zote, nyuzi hazihusiki: pikapu yenyewe inatetemeka, na fundi anaweza kuitia nta.

Hatuna mpiga ngoma. Mashine ya ngoma itafaa?

Itafaa. Darklands, albamu yao ya pili (1987), ilitumia mashine. Weka snea na ngoma nzito tu, ongeza mwangwi kwenye snea, na usijazejaze mapambo kati ya beti.